Presha haipigi hodi: jinsi ya kujipima nyumbani na kuishusha ukiwa hapa Mombasa

Hii naandika kwa sababu ya mamangu, na kwa sababu ya watu wengi hapa kwetu Kisauni ambao ukiwauliza presha yako ngapi wanakwambia aa mimi sina presha, mbona najisikia mzima. Mamangu pia alikuwa akisema hivohivo. Vidonge alipewa, akavimeza miezi kama minne, akajiona yuko sawa, akavitia kwenye kikapu cha vitunguu juu ya friji ndo ikawa basi. Asubuhi moja tumekaa tunakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kikombe kikaanza kushuka mkononi mwake, pole pole hivi, mpaka chai ikamwagika kwenye leso na yeye anaiangalia tu, nikamwita mama, mama, akataka kunijibu maneno yakatoka yamevurugika. Kiharusi. Alhamdulillahi tulimuwahisha na mkono umerudi karibu wote. Alipopimwa siku ile presha ilikuwa 198 kwa 112, na kichwa hakikuwa kimemuuma hata siku moja.

Kwa hivo kitu cha kwanza nataka ukishike ni hiki, presha huwezi kuisikia mwilini, lazima uipime. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kutokwa na damu puani, hivo vyote vinaweza kuja na presha ikiwa sawa na vinaweza visije na presha ikiwa juu sana. Huku nyuma inakula mishipa ya ubongo, ya moyo, ya figo na ya macho, kimya kimya, miaka.

Namba zenyewe: ile ya juu ni nguvu ya damu moyo unapobana, ya chini ni moyo ukiwa umelegea. Chini ya 120 kwa 80 uko vizuri. Ukipimwa kliniki siku mbili tofauti na zote ni 140 kwa 90 ama zaidi, hapo daktari atakwambia una presha (namba moja tu ikipita inatosha, si lazima zote mbili). Ukijipima nyumbani mstari unashuka kidogo, ni 135 kwa 85, kwa sababu nyumbani mtu ametulia, hana foleni wala wasiwasi wa daktari.

Hatua ya 1: pata mashini

Chukua ile ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, hizi za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni ndogo na zinapendeza lakini zinadanganya kirahisi. Kabla ya kununua chukua tepu ya fundi cherehani upime mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha mashini, kile kinachofungwa mkononi, cha kawaida kinatosha mkono wa sentimita 22 mpaka 32, ukizidi hapo uliza kile kikubwa, manake kitambaa kikikubana sana mashini itakusomea presha ya juu ambayo huna, na wewe utaanza kumeza dawa ya bure. Ukishanunua, siku ya kliniki ibebe, mwambie nesi akupime na ya kwao alafu na yako, uone kama zinakaribiana.

Kama hela hazitoshi usikae bure. Mnaweza kununua moja kwa familia nzima, ama kina mama wa chama mkachanga ikawa inazunguka nyumba hadi nyumba. Alafu wale wahudumu wa afya wa mitaani, tangu 2023 serikali iliwapa mikoba ya kazi na ndani kuna kipimo cha presha na cha sukari, uliza nyumba kumi hakuna atakayekosa kumjua wa mtaa wenu. Zahanati pia wanapima.

Hatua ya 2: pima sawasawa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wengi wanakosea, mimi nilikosea mwezi mzima.

Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa, usivute sigara, usifagie ua wala usipande ngazi. Nenda choo kwanza, kibofu kikijaa namba inapanda. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini, usipandishe mguu mmoja juu ya mwingine. Kaa hivo dakika 5 bila simu. Mkono uweke mezani uwe sawa na kifua, mimi mama namwekea mto mdogo kwa sababu meza yetu iko chini.

Kitambaa kinafungwa kwenye ngozi. Kina mama wengi tunapandisha mkono wa buibui mpaka juu unakaza kama kamba alafu tunapimia hapo, sasa ile nguo yenyewe ishaubana mkono na kipimo kinaharibika. Vua buibui, ama toa mkono mmoja nje, faraghani. Kitambaa kiwe juu ya kiwiko kama vidole viwili, na uweze kupenyeza vidole viwili chini yake.

Alafu nyamaza. Mamangu mashini ikianza kujaza anataka kuniuliza ngapi, ngapi imefika, na ile kuongea tu inapandisha namba. Siku moja nilimpima anaongea ikaja 151, nikamwomba anyamaze tukangoja kidogo nikapima tena ikaja 139. Mtu ni yuleyule, kiti kilekile.

Unapima mara mbili, katikati unangoja dakika 1. Asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa, na jioni tena. Fanya hivo siku 7 mfululizo. Siku ya kwanza zitupe zile namba, mwili huwa bado haujazoea, zilizobaki jumlisha ugawanye upate wastani. Huo wastani ndo presha yako. Namba moja peke yake ya siku moja usiihukumu, ikiwa nzuri usishangilie na ikiwa mbaya usikimbilie kuongeza kidonge. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, ule unaotoa namba kubwa ndo utakuwa wa kupimia siku zote.

Andika kwenye daftari, tarehe, saa, namba mbili na mapigo ya moyo. Mashini nyingi zinahifadhi lakini batri ikiisha ama mtoto akibonyeza zinapotea, na daktari anapenda kuona karatasi, anafungua anaona mwezi mzima mara moja.

Hatua ya 3: chumvi, na hapa Pwani tuna kazi

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na ndani ya hicho kijiko iko chumvi yote, ya mkate, ya mchuzi, ya kachiri za mchana, yote. Nilipoanza kuhesabu kwetu nilishtuka.

Angalia mezani kwetu. Ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu, ndo inayowafanya wasioze. Achari ya maembe, chatini, kachiri za muhogo zilizonyunyizwa pilipili na chumvi pale barabarani, viazi vya karai, soseji, zile paketi za unga wa mchuzi ambazo chumvi ndo nyingi ndani yake alafu mtu anaongeza tena chumvi juu. Mkate wa dukani huisikii chumvi lakini imo, na unakula vipande vingapi.

Alafu kuna maji. Visima vingi vya Mombasa maji yake ni ya chumvi, kila mtu anajua, ndo mana sabuni haitoi povu. Watu wanayatumia kufulia na kuogea lakini maji matamu yakiadimika na mtungi ukipanda bei, mtu anapikia wali hayohayo ya kisima anasema si yatachemka. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiendi popote, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kuwa kali. Kama nyumbani kuna mtu wa presha, maji ya kupikia na kunywa yawe matamu hata kama ni mtungi mmoja kwa siku, ya kisima yabaki ya vyombo na choo.

Sisi tunafanya hivi. Tuko wanne, yaani mwisho wetu ni vijiko 4 vya chai kwa siku, kila asubuhi natia vijiko 2 vya chumvi kwenye kikombe kidogo cha kahawa, nakiweka karibu na jiko, hiyo ndo chumvi ya kupikia siku nzima kwa kila mtu, nusu nyingine naiachia ile iliyojificha kwenye mkate na vitu vya nje. Kikombe kikiisha kimeisha. Kopo la chumvi liko juu ya kabati na mezani haiji kabisa. Wiki mbili za kwanza kila mtu alilalamika, ndugu yangu alisema mchuzi kama wa hospitali, lakini ulimi unazoea, baada ya mwezi mmoja hivi alikula harusini akasema mbona pilau ya leo imekolea chumvi hivi.

Ladha utaipata kwingine. Ndimu ikamuliwe mwisho sufuria ikishatoka motoni. Ukwaju, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nzima, dania, pilipili mbichi. Tui la nazi zito lina utamu wake mwenyewe na halihitaji chumvi nyingi, ila lina mafuta kwa hivo si kila siku. Papa mkavu kama moyo unamtaka sana mloweke usiku kucha, mwaga maji, mchemshe, mwaga tena, ndo umpike, na hapo usiongeze chumvi, na iwe mara moja moja.

Hatua ya 4: sahani na miguu

Vyakula vyenye potasiamu vinasaidia mwili kutoa chumvi: mchicha, kunde, mbaazi, maharagwe, ndizi, viazi vitamu, maji ya dafu. Hapa Pwani vyote viko na si vya ghali, Kongowea na Marikiti utavikuta. Isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, hapo madafu na ndizi uliza daktari kwanza, potasiamu ikizidi figo zikashindwa kuitoa inaweza kusimamisha moyo. Sukari na mafuta sitaviongea sana, ila jua soda ya nusu lita ina sukari kama vijiko 13 vya chai, na uzito ukipungua hata kilo chache presha inashuka nao.

Kutembea ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku 5, mwendo wa kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Joto la Mombasa ukitoka saa sita mchana utajiumiza, toka baada ya swala ya alfajiri ama baada ya alasiri. Mama Ngina pale kuna upepo na njia nzuri tangu walivyotengeneza, na maji yakitoka ufukweni kule Nyali ama Bamburi mchanga unakuwa mgumu unatembeka vizuri, angalia tu yanarudi saa ngapi. Vaa raba, sandali za plastiki zinaumiza magoti. Kama kazi zinabana shuka matatu stage moja kabla. Mamangu baada ya kiharusi alianza getini mpaka msikitini na kurudi, dakika 8, amenishika mkono. Sasa anakwenda mpaka kwa khalti bila mimi.

Miraa, muguka, sigara, shisha, vyote vinapandisha mapigo ya moyo na presha papo hapo, na shisha Kenya ilipigwa marufuku mwisho wa 2017 lakini vijana wetu bado wanaijua iko wapi. Kama unatafuna na una presha mwambie daktari ukweli, hakuna aibu, anahitaji kujua ndo akupe dawa inayofaa.

Hatua ya 5: dawa

Namba zikiwa nzuri ni kwa sababu ya kidonge. Nisome tena hapo. Ukiona 126 kwa 78 ukasema nimepona ukaacha, itarudi palepale ilipokuwa, na wewe hutaisikia ikirudi, ndo kile kikapu cha vitunguu nilichokueleza. Kama umepunguza uzito na chumvi na namba zimeshuka kweli kweli daktari mwenyewe anaweza kukupunguzia, mpelekee daftari.

Meza saa ileile kila siku, funga na kitu ambacho hukikosi, mama anameza baada ya swala ya asubuhi na boksi la dawa liko karibu na mswala. Nunua za ziada kabla hazijaisha, usingoje kidonge cha mwisho kikukute Jumapili usiku.

Madhara yapo na yanatibika. Amlodipine inaweza kuvimbisha miguu, enalapril inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha mpaka watu wanadhani una TB. Ukiona hivo rudi ubadilishiwe, dawa za presha ni nyingi, usiache kimyakimya. Enalapril na losartan mwanamke mjamzito ama anayetafuta ujauzito asimeze, aseme mapema apewe nyingine. Na dawa za jirani usimeze hata kama presha zenu zinafanana namba.

Kitu ambacho wengi hawajui, dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen zinapandisha presha na zinachosha figo. Mtu mgongo unamuuma anaingia duka la dawa anapewa za wiki mbili na hakuna aliyemuuliza kama ana presha. Sema wewe mwenyewe, mimi nina presha, na mara nyingi paracetamol inatosha. Dawa za miti shamba pia zitaje kliniki, ziko zinazogongana na vidonge.

Ramadhani: usingoje mwandamo, mwone daktari Shaabani. Dawa za mara moja kwa siku kawaida zinahamishwa futari ama daku, za mara mbili anaweza kukubadilishia, na zile za kukojoza kwenye joto letu hili zinaweza kukukausha maji kwa hivo ni yeye apange. Aliyetoka kupata kiharusi amuulize daktari na shehe wake pamoja kabla ya kufunga. Na futari yenyewe, tende, maji, uji, matunda, viazi vitamu, hizo bhajia na sambusa na kachiri zote kwa usiku mmoja zinarudisha kazi yote ya mwaka. Kunywa maji kidogo kidogo toka futari mpaka daku.

Hatua ya 6: siku ikiharibika

Ukipima ukakuta 180 kwa 120 ama zaidi, kaa, tulia dakika 5, pima tena. Ikibaki huko na huna dalili yoyote, usimeze vidonge viwili kwa mpigo, presha ikianguka ghafla nayo inaumiza ubongo, wasiliana na kliniki ama uende siku hiyohiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa, ganzi ama mkono kulegea, unakwenda hospitali sasa hivi.

Kiharusi chenyewe kiangalie vitu vitatu, mwambie atabasamu uone kama uso umeenda upande, mwambie anyanyue mikono yote uone kama mmoja unashuka, mwambie aseme jina lake na siku ya leo. Kimoja tu kikiharibika ni haraka. Angalia saa uiandike, kwa sababu ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze na daktari atakuuliza swali hilo kwanza. Usimpe chai, maji wala kidonge chochote, koo linaweza kuwa limepooza akapaliwa, na aspirini usimpe, kama ni mshipa uliopasuka utamzidishia kutoka damu. Wazee watasema amepigwa na upepo, wacha dua isomwe, lakini isomwe ndani ya gari mkiwa njiani.

Na hili lipange leo mtu akiwa mzima: hospitali gani iliyo karibu nanyi ina mashini ya kupiga picha ya kichwa, maana bila hiyo hawawezi kujua ni damu imeganda ama mshipa umepasuka, na mtafika vipi saa nane usiku. Kama mko Likoni fikirieni feri. Namba za dharura ni 999 na 112, lakini pia weka kwenye simu namba ya jirani mwenye gari na ya tuktuk anayelala hapo mtaani, namba ya SHA (ile bima ya afya ya serikali) na kitambulisho na daftari ya presha viwe kwenye mfuko mmoja nyuma ya mlango. Sisi siku ile ni kijana wa tuktuk wa nyumba ya tatu, alikuwa bado hajanywa chai, alitoka na kikoi chake hivohivo.